Mwema Akipatwa na Mabaya

Ukifungua simu asubuhi hukosi nukuu ya Wastoa: jitawale, yaliyo nje ya uwezo wako yasikusumbue. Nilizipenda sana, hadi niliposoma kile kitabu cha Aristotle cha maadili kinachobeba jina la Nicomachus.

Swali lake ni rahisi: maisha yaliyofana ni yapi? Jibu ni eudaimonia. Wengi wetu hutafsiri "furaha", na hapo ndipo tunapotea njia. Furaha huja na kuondoka; hata chapati moto inaweza kukupa. Naona "heri" iko karibu zaidi, manake ndani yake mna wema na pia bahati. Kwa Aristotle, heri huwezi kuiweka mfukoni. Ni kutenda kwa fadhila, tena maisha mazima, si wiki moja.

Lakini anakiri kwamba wema pekee hautoshi. Anamtaja Priam, mfalme wa Troy, aliyeangukiwa na misiba mikubwa uzeeni. Ati huyo naye tumwite mwenye heri? Aristotle anakataa. Mwema hatageuka mwovu kwa sababu ya msiba, sawa, lakini msiba unabaki msiba. Wastoa, walioanza kufundisha Athens karibu mwaka 300 KK, walipinga: fadhila inatosha, hata ukiteswa.

Hapo niko na Aristotle. Kumwambia mama aliyezika mtoto kwamba hajapoteza kitu cha maana ni ukatili tu, hata ukiuita hekima.

Shida yangu naye iko kwingine. Katika kitabu cha 10 anasema mtumwa anaweza kuonja raha za mwili kama mtu yeyote, lakini hakuna anayemhesabia heri. Basi. Anapita. Mfalme akianguka ni msiba. Mtumwa kuishi chini ni kawaida tu. Kumbe aliyeona nguvu ya bahati vizuri hivyo hakuona kwamba utumwa nao ni watu wanaoufanya.

Wastoa walimsikiliza Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, akawa mwalimu wao mkubwa. Kinywani mwake, "jitawale" ni uhuru ambao bwana wake hakuweza kumnyang'anya. Kinywani mwa bosi ambaye hajakulipa miezi mitatu, maneno yaleyale yanakutaka unyamaze.

Nukuu bado zinaingia kila asubuhi. Siku hizi, kabla sijazisambaza, naangalia kwanza ni nani anamwambia nani.