Fundi wa Duara

Trixi Schuba alitwaa medali ya dhahabu ya kuteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1972, huko Sapporo nchini Japani, na tangu hapo hajakosa wa kumsimanga nayo. Katika sehemu ya mchezo huru, ile yenye muziki, miruko na magauni ya kumetameta, binti huyu wa Vienna alishika nafasi ya saba. Janet Lynn wa Marekani, aliyeanguka na kuinuka huku anatabasamu, akapendwa na Wajapani wote kwa tabasamu lile, aliambulia shaba. Karen Magnussen wa Kanada alipata fedha. Watu waliokaa mbele ya televisheni zao wakaulizana: huyu mrefu, anayeruka kwa tahadhari, kashinda kwa lipi?

Kashinda kwa kuchora duara. Na mimi nasema dhahabu ile ilikuwa halali yake, kila gramu.

Enzi hizo mashindano ya kuteleza kwenye barafu yalikuwa na sehemu mbili zenye uzito sawa. Kabla ya mchezo huru kulikuwa na michoro ya lazima. Mchezaji anaingia kwenye barafu safi isiyoguswa. Hakuna muziki, na mara nyingi hata watazamaji hakuna wa kutosha kuujaza mstari mmoja wa viti. Anasimama, anapima kwa macho, anajisukuma mara moja tu, kisha anabebwa na mguu mmoja mpaka afunge duara ambalo upana wake ni kama mara tatu ya kimo chake. Anabadili mguu, anafunga la pili, na mawili hayo yanaungana kuwa umbo la 8. Halafu anarudia palepale, juu ya mstari uleule, mpaka kila mguu uwe umepita mara tatu. Akimaliza, waamuzi wanaingia na viatu vyao vya baridi, wanainama, wengine wanapiga magoti, wanatafuta ni wapi mstari wa tatu umeuacha ule wa kwanza. Fundi wa kweli huwaachia umbali usiozidi upana wa kidole.

Ili mtu aelewe ugumu wa jambo hili, lazima akitazame kile chuma kilicho chini ya kiatu. Unene wake ni milimita nne hivi, na upande wa chini si bapa. Umechimbwa mfereji mwembamba kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo chuma kimoja kina makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji akiegemea upande mmoja, kali moja tu ndilo linaloshika barafu, na njia yake inapinda kufuata mwegamo huo. Akisimama wima hata kwa nukta moja, makali yote mawili yanagusa na kuacha mistari miwili sambamba. Hiyo ni hati ya kosa, na mwenyewe hawezi kuikana. Bega likitangulia mno, duara linaingia ndani. Goti likichelewa kunyooka, mwendo unafifia kabla ya kufika mahali ulipoanzia, na mchezaji anabaki anajikongoja. Mwamuzi angeweza kugeuka na kutazama ukuta muda wote, kisha akaja kusoma chini kila kitu mwili ulichokifanya.

Na hilo ndilo duara tupu, somo la wanaoanza. Mbele yake kuna mgeuko ambao mchezaji anaingia uso mbele na kutoka kinyumenyume kwa mguu uleule, na chuma kinaacha ncha kali kama ya tarakimu 3. Ncha hizo, kwa mizunguko yote mitatu, hazina budi kupangana kwenye mstari mmoja usioonekana unaoligawa duara katikati. Kuna vitanzi vidogo ambamo mwili karibu usimame kabisa, kisha utoke tena bila kuongezewa msukumo. Kuna na ile michoro ambayo 8 nzima, pamoja na migeuko yake, inatoka kwa mguu mmoja na kwa msukumo mmoja. Nguvu ya kumalizia inatoka wapi? Inatoka kwenye goti linalokunjwa na kukunjuliwa kwa wakati wake, na kwenye nyonga inayojua lini igeuke. Huo ndio uchumi wa nguvu ambao sijauona katika mchezo mwingine wowote, na huko ndiko Schuba alikokuwa hana mpinzani. Kule Sapporo alimaliza michoro akiwa ameongoza kwa pengo ambalo wengine hawakuweza kuliziba.

Ufundi huo ulikuwa na kwao. Klabu ya barafu ya Vienna, Wiener Eislaufverein, ilianzishwa mwaka 1867. Katika mji huohuo, mwaka 1882, Axel Paulsen kutoka Norwei alionyesha mruko ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Herma Szabo aliupatia mji huo dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924, na Karl Schäfer akafuata mara mbili, 1932 na 1936. Schuba, aliyezaliwa humo mwaka 1951, hakupanda kwa ghafla. Mwaka 1969 na 1970 alikuwa wa pili duniani nyuma ya Gabriele Seyfert wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1971 akawa bingwa wa dunia, mwaka 1972 akarudia, kisha akaacha mashindano na kwenda kuteleza katika maonyesho ya kulipia. Mashindano yake aliyafunga akiwa kileleni.

Waliotaka michoro iondoke walikuwa na hoja, na siwadharau. Mazoezi yake yalikula saa nyingi, na saa ya barafu ni fedha. Kazi iliyoonekana na waamuzi wachache tu iliacha mwanya wa upendeleo, na wapo walioutumia. Zaidi ya yote, televisheni haikujua iifanyie nini. Msimu uliofuata baada ya Sapporo ikaingizwa sehemu mpya ya programu fupi, na uzito wa michoro ukashuka hadi asilimia 40. Janet Lynn, ambaye wengi waliamini mabadiliko hayo yangemfaa kuliko yeyote, alianguka katika programu fupi hiyohiyo kwenye mashindano ya dunia ya 1973 huko Bratislava, na dhahabu ikaenda kwa Magnussen. Michoro iliendelea kupunguzwa, hadi ikachorwa kwa mara ya mwisho katika mashindano ya dunia huko Halifax mwaka 1990.

Kilichofutwa ni mtihani. Elimu yenyewe haifutiki. Mtazame leo mchezaji anayejiandaa kwa mruko wa lutz, uliopewa jina la Mwaustria mwingine, Alois Lutz. Sheria inamtaka aruke akiwa kwenye kali la nje, anakwenda kinyumenyume, huku mwili ukikataa mwelekeo wa duara lake. Wengi, dakika ya mwisho, kifundo cha mguu kinawasaliti na kuangukia kali la ndani. Siku hizi jopo la wataalamu linarudisha picha za video, linakagua kifundo hicho na kukata alama. Mwaka 2022 Ilia Malinin wa Marekani alikuwa wa kwanza kukamilisha axel ya mizunguko minne na nusu katika mashindano, na alipotua alitua juu ya kali lilelile la nje, anakwenda kinyumenyume, akichora kipande cha duara. Asiyelimiliki duara hilo hana pa kutua.

Wapo waliokataa kuliacha. Agosti 2015, huko Lake Placid katika jimbo la New York, yalifanyika mashindano ya dunia ya michoro peke yake, bila mruko hata mmoja wa kuhesabiwa. Barafu ilikuwa nyeusi, na kila chuma kilipopita kiliacha mstari mweupe. Safari hii hata aliyekaa jukwaani aliweza kuufuata mguu kwa macho na kuona mwenyewe duara likifunga au likikataa kufunga.