Milimita moja ya mtutu: uchambuzi wa kubadili kaliba ya bunduki ya hewa

Milimita moja haionekani kuwa kitu. Ndiyo inayozitenganisha kaliba mbili zilizoenea zaidi katika bunduki za hewa: 4.5, ambayo Waingereza na Wamarekani huiandika .177, na 5.5, yaani .22. Lakini hewa haisukumi kipenyo, inasukuma eneo la kitako cha risasi. Mtutu wa milimita 4.5 una eneo la milimita za mraba 15.9, na ule wa 5.5 una 23.8. Milimita hiyo moja imeongeza eneo kwa karibu asilimia 50, na ukisogea hadi 6.35 (.25) unafika 31.7, mara mbili ya ulikoanzia. Mengi yanayobadilika bunduki inapohamishwa kaliba yanatoka kwenye hesabu hii, na malalamiko mengi ya waliobadili mtutu yanatokana na kuisahau.

Fundi wa gereji anaijua hesabu yenyewe kwenye jeki ya mafuta: kanieneo ileile, ikipewa pistoni pana zaidi, hutoa kani kubwa zaidi. Tuchukue bunduki mbili za hewa iliyoshindiliwa, zote zenye mtutu wa milimita 450 na zote zikitoa jouli 16, kiwango cha kawaida Uingereza. Ujazo wa ndani wa mtutu wa 4.5 ni kama sentimita za ujazo 7.2. Ule wa 5.5 unafika 10.7. Ili kupata jouli 16, mtutu mwembamba unahitaji kanieneo ya wastani ya bar 22 nyuma ya risasi, tukiacha kando msuguano. Mtutu mpana unatosheka na bar 15.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Hewa nayo ina uzito, na lazima ikimbie pamoja na risasi ndani ya mtutu. Risasi ya kasi, kama ile nyepesi ya 4.5, inailazimisha hewa ikimbie zaidi, hivyo sehemu ya nishati inaishia kwenye hewa yenyewe na kutoka mdomoni mwa mtutu kama mlio. Ndiyo maana bunduki mbili zenye chupa za hewa sawa na nguvu sawa hazitoi idadi sawa ya risasi kwa mjazo mmoja: ile ya 5.5 hufyatua zaidi.

Hili si jambo la jana. Bartholomäus Girardoni alipoitengenezea Austria bunduki ya hewa ya kijeshi mwishoni mwa miaka ya 1770, hakuwa na chupa za leo za bar 250. Alikuwa na tangi la chuma lililokuwa ndilo kitako cha bunduki, likijazwa kwa pampu ya mkono hadi kanieneo ambayo leo ingehesabiwa ndogo. Akatumia kaliba ya karibu milimita 12, yaani .46. Pale kanieneo ilipokosekana, eneo liliziba pengo, na inaaminika kwamba bunduki ya aina hiyo ndiyo aliyoibeba Meriwether Lewis katika safari yake na Clark kuvuka Amerika Kaskazini kati ya 1803 na 1806.

Turudi kwenye kubadili kwenyewe. Bunduki mojawapo iliyofanya kazi hii kuwa ya mezani badala ya karakana ni FX Impact ya Sweden, iliyotoka mwaka 2016. Kabla yake, kubadili kaliba kwa kawaida kulimaanisha kununua bunduki ya pili au kumwachia fundi bunduki yako. Kwa Impact, vitu vikuu vya kubadili ni vitatu: mtutu, pini ya kusukumia risasi na magazini. Unatoa magazini, unahakikisha hakuna risasi ndani, unalegeza skrubu zinazoushika mtutu, unauvuta, unabadili pini, unarudisha. Mwenye mikono mizoefu hamalizi hata chai yake.

Pini hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu wengi huidharau. Kazi yake ni kuitoa risasi kwenye magazini na kuiingiza mtutuni hadi ipite tundu la kuingizia hewa. Isipoisukuma vya kutosha, sketi ya risasi hubaki imeziba sehemu ya tundu na kasi inayumba kutoka mlio hadi mlio. Pini ikiwa nyembamba kuliko kaliba, haikai katikati ya kitako cha risasi na inaweza kuiingiza ikiwa imeinama. Risasi ya hewa ni risasi laini yenye kiuno chembamba na sketi tupu nyuma. Ikishaingia upande, mtutu hauinyooshi tena. Mtu anaulaumu mtutu mpya, kumbe amebakiza pini ya zamani.

Sasa hesabu ya nguvu. Tuseme bunduki ilikuwa 5.5, mtutu wa milimita 600, ikirusha risasi ya gramu 1.175 kwa mita 270 kwa sekunde. Hiyo ni kama jouli 43, na kanieneo ya wastani mtutuni ni bar 30. Mwenye nayo anaweka mtutu wa 6.35 na kununua risasi ya gramu 2.2, akitaka kasi ileile ya mita 270. Kasi hiyo kwa uzito huo inadai jouli 80. Eneo limempa theluthi moja ya ziada, lakini risasi imeongezeka uzito kwa karibu asilimia 87. Hata tukijaalia kwamba kanieneo ya wastani imebaki bar 30, atapata jouli 57 tu, na kasi itashuka hadi mita 228. Ili kufika 270 anahitaji wastani wa bar 42.

Hapo ndipo kubadili kaliba kunapoacha kuwa kazi ya skrubu. Impact ina sehemu tatu za kurekebisha hewa: regyuleta inayopanga kanieneo inayofika kwenye vali, gurudumu la tundu la kupitishia hewa, na springi ya nyundo inayoigonga vali ifunguke. Mgeni wa kazi hii huanza kwa kupandisha regyuleta peke yake, na mara nyingi hushangaa kuona kasi imeshuka badala ya kupanda. Sababu ni kwamba kanieneo ileile inayoisukuma risasi ndiyo pia inayoibana vali ijifunge. Ukiipandisha bila kuikaza springi ya nyundo, nyundo inagonga mlango mzito kuliko uwezo wake, vali inafunguka kidogo na kwa muda mfupi. Utaratibu wa maana ni kufungua tundu la hewa kwanza, kisha kupandisha regyuleta hatua kwa hatua, kila hatua ikifuatwa na springi, huku kipima kasi kikiwa mbele ya mtutu. Bila kipima kasi, kazi yote hii ni kubahatisha.

Na kizuia sauti kisisahaulike. Kilichotobolewa kwa ajili ya 5.5 hakipitishi risasi ya 6.35 kwa usalama. Inaweza kugonga vizuizi vya ndani, na utajua siku kizuia sauti kitakapopasuka.

Bunduki za springi, kama Weihrauch HW 80 ya Ujerumani, zina tabia yao. Humo hakuna chupa. Springi inaisukuma pistoni, nayo inaishindilia hewa iliyo mbele yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtutu wa 4.5, risasi hukaa hadi kanieneo ipande sana ndipo ikimbie, na pistoni ikifika mwisho inagonga mto wa hewa na kurudi nyuma kidogo. Kwa 5.5, risasi yenye kitako kipana huanza kusogea mapema na hewa inapata pa kwenda, kwa hiyo nishati ndogo zaidi inapotea kwenye kurudi kwa pistoni. Springi ileile, pistoni ileile, na bado 5.5 kwa kawaida hutoa jouli nyingi zaidi. Bei yake ni kwamba risasi nzito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi huku bunduki ikitikisika, kwa hiyo mpigaji anayeishika kwa kuibana ataona matundu yakitawanyika zaidi.

Nyongeza hiyo ndogo ya jouli ina uzito wa kisheria. England na Wales, bunduki ndefu ya hewa ikizidi futi-pauni 12, takriban jouli 16.3, inahesabiwa silaha inayohitaji cheti. Ujerumani mpaka wa isiyo na kibali ni jouli 7.5. Anayechukua bunduki ya 4.5 iliyorekebishwa kukaribia mpaka wa nchi yake na kuifunga mtutu wa 5.5, bila kugusa kitu kingine, anaweza kuwa amevunja sheria kabla hajafyatua. Canada wameweka mipaka miwili pamoja: bunduki huhitaji leseni ikizidi jouli 5.7 na pia mita 152.4 kwa sekunde. Risasi ya gramu 1.03 kwa mita 150 ina jouli 11.6, mara mbili ya mpaka wa kwanza, lakini inapita chini ya ule wa pili. Waliotunga sheria walitazama kasi; kaliba kubwa ikapita mlango wa nyuma.

Kwa mpigaji uwanjani, mabadiliko anayoyaona kwanza ni njia ya risasi. Kwa jouli 15.5, risasi ya 4.5 yenye gramu 0.547 inatoka kwa mita 238 kwa sekunde, na ya 5.5 yenye gramu 1.03 kwa mita 173 hivi. Tukiupuuza ukinzani wa hewa, zikifika mita 40, ya kwanza imeshuka sentimita 14 kutoka mstari wa mtutu, na ya pili 26. Ukinzani unaongeza mshuko kwa zote mbili. Ukikosea umbali kwa mita 5 ukiwa na 4.5, unaweza kusamehewa. Ukiwa na 5.5 umekosa shabaha. Risasi ya 5.5 nayo ina lake: uzito wake kwa kila milimita ya mraba ya uso ni mkubwa kwa robo, kwa hiyo inapoteza kasi yake taratibu zaidi na kufika mbali ikiwa na sehemu kubwa zaidi ya nishati iliyoondoka nayo.

Mashindano ya Olimpiki ya bunduki ndefu ya hewa ya mita 10, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1984, hayana mjadala huu. Kaliba ni 4.5 kwa kanuni, na kumi ya kati ni nukta ya nusu milimita.

Hukumu yangu ni hii. Kama nguvu yako imefungwa na sheria kwenye jouli 16 na unapiga shabaha za umbali usiojulikana, kuhama kutoka 4.5 kwenda 5.5 ni kununua hewa ya ziada kwa bei ya usahihi wa makadirio, na mimi nisingeinunua. Kama bunduki yako ina regyuleta na nafasi ya kupanda juu ya jouli 40, kaliba kubwa ndiyo njia ya akili, mradi umekubali kurekebisha hewa yote na si mtutu tu. Na kabla hujafungua skrubu ya kwanza, pima kasi ya risasi kumi za uzito unaoujua uziandike. Ukishafunga mtutu mpya, pima kumi nyingine uhesabu jouli zake. Ukikuta umevuka mpaka wa nchi unayoishi, rudisha mtutu wa zamani hadi upate kibali.