Mzigo na Mbebaji Wake: Ukusanyaji wa Mali katika Maisha ya Tippu Tip na katika Mchezo wa No Man's Sky

Mwaka 2016 kampuni ya Hello Games ya Uingereza ilitoa mchezo wa kompyuta wa No Man's Sky. Mchezaji huanza akiwa peke yake juu ya sayari asiyoijua, chombo chake kikiwa kimeharibika. Hupima ardhi kwa kifaa cha mkononi, huvunja miamba na mimea kwa mwale, hukusanya kaboni na sodiamu, hutengeneza chombo, kisha huondoka kwenda sayari nyingine. Sayari aliyoifikia wa kwanza anaweza kuipa jina alitakalo. Msuko huo si mgeni kwa msomaji wa nathari ya Kiswahili. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alisimulia maisha ya namna hiyo katika wasifu uliochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode: kijana aanza na biashara ndogo ya sandarusi, aingia bara, avuka Tabora na Ziwa Tanganyika, na kila nchi mpya humpa pembe za kuendea nchi inayofuata.

Ufanano huo ni wa kweli, lakini ukiachwa hapo unapotosha. Matini hizi mbili zinaachana kabisa katika swali moja: nani anabeba?

Katika mchezo, mzigo ni hesabu ya nafasi. Mchezaji ana visanduku kadhaa. Vikijaa, hana budi kutupa kitu, kuuza, au kuongeza visanduku. Kilichokwisha kuingia ndani hakina uzito wala hakimchoshi mtu. Katika Maisha ya Tippu Tip, kinyume chake, uzito ndio unaosukuma msuko. Pembe hupimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na frasila mbili zinatosha kumwelemea mpagazi mmoja kwa miezi. Kwa hiyo msimulizi anaweza kuwa na mali tele na bado asiondoke. Tukio lenye nguvu kuliko yote katika sehemu za mwanzo halihusu vita wala pembe, bali wapagazi waliotoroka: Tippu Tip anavirudia vijiji vyao, anawakamata watu kwa nguvu, anawafunga minyororo na kuwatwika mizigo. Kwa ajili ya hayo, asema, aliitwa Kingugwa. Anaisimulia habari hii bila kutahayari, kama mtu anayeeleza namna alivyopata punda. Hapo ndipo ubora na ubaya wa kitabu vinapokutana, kwa sababu sauti ileile isiyojificha ndiyo inayomwezesha msomaji kuona ambacho msimulizi hakukiona kuwa kosa.

Tabora haieleweki bila jambo hili. Mji huu haukukua kwa sababu pembe zilipatikana hapo, bali kwa sababu njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilikutana hapo na njia za kaskazini na kusini, na kwa sababu ulikuwa katikati ya nchi ya Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya ujira na hata sifa ya ujana. Tippu Tip alikuwa na mizizi hapo: baba yake aliishi Unyanyembe na kumwoa binti wa mtemi Fundikira. Hata hivyo, Mnyamwezi anayebeba hapewi jina katika kitabu. Watemi wana majina, wafanyabiashara wana majina, madeni yana majina ya wadai. Mpagazi huonekana kwa idadi tu, na huwa mhusika pale anapotoroka.

Suala la pili ni ruhusa. Mchezaji akichimba kupita kiasi hushambuliwa na mashine zinazolinda sayari. Hukimbia au hupigana, na hakuna maneno yanayoweza kusemwa kati yao. Kwenye njia ya Tabora mlinzi wa ardhi alikuwa mtu, na lugha yake ilikuwa hongo. Mapatano ya hongo, pamoja na kungoja, kukasirika na kupunguziana, ni sehemu ya uhai wa masimulizi ya misafara. Mirambo alipoifunga njia mwaka 1871, alikuwa akidai kutambuliwa kama mwenye nchi.

Inaweza kupingwa kwamba ulinganisho huu unauonea mchezo, kwa kuwa sayari zake ni za kubuni na nyingi hazina wenyeji. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Lakini mchezo wenyewe una mataifa: Gek, Korvax na Vy'keen, na mchezaji hujifunza lugha zao neno baada ya neno. Una hata historia ya utumwa, ya Gek wa kale kuwatia Korvax utumwani. Historia hiyo, hata hivyo, imewekwa kwenye nguzo za mawe ambazo mchezaji huzisoma akipita. Haigusi namna anavyokusanya. Waandishi wa mchezo walijua habari ya mbebaji, wakaigeuza kuwa mapambo ya mandhari.

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, lipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya Stanley kurudi pwani. Alikuwa na vitambaa, shanga, dawa na karatasi alizoachiwa. Alikaa humo takriban miezi 5, kuanzia Machi hadi Agosti, akiwangoja watu wa kuvibeba.