Tafsiri Si Dhambi: Maoni juu ya Kitabu cha Rebecca Oxford

Mwaka 1990 Rebecca Oxford alitoa kitabu juu ya mbinu za kujifunza lugha, ambacho hutajwa sana na wanaosomea Kiingereza vyuoni. Amezigawa mbinu hizo katika makundi sita: za kumbukumbu, za utambuzi, za kufidia upungufu, za kujipangia na kujisimamia, za hisia, na za kijamii. Mpangilio huo unasaidia. Lakini hebu tukihakiki kwa jicho letu.

Kwa sisi tuliokulia Mlola, kule milimani Usambara, Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kisambaa, shule ya msingi ni Kiswahili, halafu sekondari karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mwanafunzi wa namna hii anapofika chuo kikuu ana mbinu moja kubwa ambayo anaificha kama kitu cha wizi: anatafsiri. Pambizoni mwa kitabu ameandika Kiswahili kwa penseli, na mwalimu akipita anafunika kwa mkono.

Oxford ameiweka tafsiri miongoni mwa mbinu za utambuzi, ila hojaji yake humpa alama za juu anayejitahidi asitafsiri neno kwa neno. Hapo nakubaliana naye. Nisichokubali ni tabia yetu ya kulichukua onyo hilo na kuligeuza marufuku. Chukua "njaa inaniuma". Ukiipeleka hivyohivyo kwa Kiingereza, watu watacheka. Lakini ukijiuliza wanacheka nini, umeshajifunza: kwetu njaa ni mtendaji, ina meno, kwa Mwingereza ni sifa ya mtu. Hilo ni somo la sarufi na la fasihi kwa pamoja.

Ushahidi mkubwa ni Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka tena, imesahihishwa, sasa ikiitwa Juliasi Kaizari. Yaani hata baada ya kuchapwa alirudi kazini! Na huyo alikuwa na shahada ya Edinburgh. Wala hakuona kwamba kutafsiri ni kazi ya asiyejua Kiingereza.

Basi wenzangu, tuache kufunika pambizo. Walimu wetu nao waombe kuzisoma tafsiri hizo, maana ndipo kosa la kuelewa linapoonekana mapema, kabla halijafika kwenye mtihani.