Kiti cha Msimulizi katika Michezo ya Uhusika

Waandikao juu ya michezo ya kompyuta wamezoea kuigawa michezo ya uhusika mafungu mawili, ya Kijapani na ya Magharibi. Mgawo huu ni mwepesi kukumbuka, lakini haumfai mchambuzi wa hadithi, kwa kuwa wataja mahali mchezo ulipotungwa na hausemi neno juu ya namna unavyosimulia. Jina la fani nalo lina taabu yake. "Mchezo wa kuigiza" limekwisha shikwa na maonyesho ya jukwaani. Hapa latumika "mchezo wa uhusika", yaani ule ambao mchezaji humchukua mhusika, akamwamulia mambo, na kumwona akizidi uwezo kwa hesabu ya alama.

Asili ya fani hii ni mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani Dungeons & Dragons, mchezo uliochipuka katika michezo ya vita vya vinyago. Wachezaji waliketi pamoja, dadu zikatupwa, na mmoja wao akawa msimulizi: ndiye aliyeeleza pango lilivyo, aliyesema kwa kinywa cha mlinzi wa lango, na aliyejibu pale mchezaji alipotaka jambo lisilotazamiwa. Mchezo ulipohamia kwenye kompyuta, dadu na hesabu zilihama kwa urahisi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtambo. Msimulizi hakuhama. Yafaa basi kila mchezo upimwe kwa jinsi ulivyokitumia kiti hicho kilichobaki kitupu.

Dragon Quest ya Yuji Horii, iliyotolewa Japani na Enix mwaka 1986, ilikiacha wazi. Shujaa wake ni kama bubu. Watu humsemesha, naye hujibu ndiyo au la tu. Hata jibu hilo ni la bandia, kwani binti mfalme amwulizapo kama atamchukua, mchezaji aweza kukataa mara nyingi apendavyo, na swali lile lile litarudi mpaka akubali.

Final Fantasy VII (Square, 1997) ni Kijapani vilevile, ila yafanya kinyume kabisa. Shujaa Cloud ana ulimi wake. Katika mji wa Kalm awasimulia wenzake yaliyotokea Nibelheim miaka mitano nyuma, na mchezaji huyacheza masimulizi hayo hatua kwa hatua. Baadaye yabainika kwamba Cloud amechanganya kumbukumbu zake na za Zack, rafiki yake. Wengi husifu kifo cha Aerith, aliyeuawa na Sephiroth bila mchezaji kuweza kuzuia. Lakini kisa cha Kalm ni ujasiri mkubwa zaidi. Msomaji wa kitabu hudanganywa kwa kusikia tu. Mchezaji huyu ameutembea uongo kwa mikono yake, akawa shahidi wa jambo lisilokuwa.

Mwenzi wa kweli wa mchezo huo hatoki Japani, bali Marekani: Planescape: Torment, uliotolewa na Black Isle Studios mwaka 1999. Mtu asiye na jina azinduka juu ya meza ya maiti katika mji wa Sigil. Hafi kabisa, na maisha yake yaliyopita ameyasahau. Usahaulifu ni hila ya kale na aghalabu ni ya uvivu, kwani humwondolea mtungaji kazi ya kueleza kwa nini mchezaji hajui anayopaswa shujaa kuyajua. Hapa una kazi. Kumbukumbu nyingi zinazorudi huongeza alama, hivyo mtu hukua kwa kukumbuka, na anayoyakumbuka ni maovu aliyowatenda watu ambao angali akikutana nao. Mapigano yake, kwa kweli, yachosha. Mazungumzo ndiyo mchezo.

Disco Elysium, uliotolewa mwaka 2019 na ZA/UM, kundi lililoanzia Estonia chini ya mtunzi Robert Kurvitz, uliona dosari hiyo ukayafuta mapigano ya kawaida. Mpelelezi aamka baada ya ulevi bila kulijua jina lake, na nyuma ya nyumba ya wageni maiti yaning'inia mtini. Uwezo wake umegawanywa sehemu 24, na kila sehemu husema: humshauri, hubishana na mwenziwe, mara nyingine humpotosha. Aliyemzidishia uwezo mmoja alama atausikia ukipayuka zaidi, wala si kweli kwamba utasema kweli zaidi. Msimulizi amerudi kitini, naye ni umati, na umati huo umeumbwa kwa hesabu zilezile zilizokuwa kazi ya mtambo.

Atakayejaribu kuutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili atakuta jambo ambalo Kiingereza chake hakikulilazimisha. Humo neno moja ni alama na ni msemaji pia, bila kubadilika umbo la sentensi. Kiswahili hakiruhusu. Mantiki ikiongezwa alama, "imepanda". Mantiki akifumbua kinywa, "amesema", kama sungura na fisi wasemavyo katika ngano. Mfasiri atalazimika kuamua, katika kila sentensi, ni wapi hesabu imekoma na mtu ameanza. Na ziko sentensi katika mchezo huo ambazo utamu wake wote ni kutoamua.