Kisima Ndani ya Ua

Mpelelezi Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliandika kisa alichosimuliwa na wenyeji kuhusu asili ya Ziwa Tanganyika. Zamani palikuwa na uwanda mpana wenye mji mkubwa. Mtu na mkewe walikuwa na kisima ndani ya ua, kikiwapa samaki bila kukauka, kwa sharti moja: siri isitoke nje. Mume akasafiri kwenda Uvinza, mke akamwonyesha mpenzi wake kisima, mpenzi akamshika samaki, nchi ikapasuka na maji yakafunika kila kitu. (Lawama yote kwa mke! Nashuku bibi mmoja wa Ujiji angekisimulia vingine.)

Kila nikikikumbuka namwazia mchoraji wa katuni wa kukichora. Mfano upo: mwaka 1996 Gado, Mtanzania aliyejijengea jina katika magazeti ya Nairobi, alitoa Abunuwasi kupitia Sasa Sema, wachapishaji wa hadithi za picha kwa Kiswahili. Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, naye alichorewa kitabu chake hukohuko. Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi, ni mtu wa maneno, na hapo ndipo penye kazi kwa mchoraji. Msimulizi hunyamaza kidogo kabla ya jibu la ujanja, akawatazama wasikilizaji machoni. Karatasi haina macho. Mchoraji ana ufito mweupe tu kati ya fremu na fremu, na fundi hasa huutumia kama kimya cha msimulizi: swali huku, jibu kule, katikati mtoto anahangaika mwenyewe. Mwalimu mwerevu huifunika fremu ya pili kwa kiganja na kuuliza, “Haya, sasa itakuwaje?” Darasa zima linapiga kelele.

Kisa cha ziwa kinadai mkono wa namna hiyo. Ua ungechorwa kwa fremu ndogo, zimebanana, fito zimesongana, ili msomaji ajihisi anachungulia. Samaki asiwe samaki tu: watoto wa Kibirizi, Kigoma, wamekua na migebuka na kuhe, wakiona pezi limekosewa watacheka mpaka kipindi kiishe. Kisha ule mguso mmoja wa kidole, na kurasa mbili nzima za maji, bila neno hata moja. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halihitaji maelezo pembeni.

Fremu ninayoisubiri zaidi ni ya mwisho. Mume anarudi. Mimi ningemtwika mzigo wa chumvi, maana Uvinza ni kwa chumvi, nikamsimamisha ufukweni mahali palipokuwa njia ya kwenda kwake. Achorwe kwa nyuma. Uso wake tuachiwe sisi.

Wewe kijana wa Kigoma mwenye kalamu ya wino, kaa kwanza na bibi yako, umsikilize anavyokisema yeye. Kisha anza na ua.