Mshauri Asiye na Injini: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Kazi Mpya

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na intaneti, mojawapo inayosifiwa sana katika miongozo ya ajira kwa vijana ni ile ya kuwashauri wenye tovuti ili kurasa zao zionekane mapema mtu atafutapo jambo. Miongozo hiyo, ambayo aghalabu ni tafsiri za haraka kutoka Kiingereza, humwita mwenye kazi hiyo "mshauri wa uboreshaji wa injini ya utafutaji". Nia yetu katika makala haya ni kuihakiki istilahi hiyo pamoja na nyingine mbili ziandamanazo nayo, kwa kuwa twaamini zinampotosha kijana kuhusu kazi yenyewe kabla hajaianza.

Tuanze na jina. Kwa Mswahili injini ni ya gari, ya mashua, au ya mashine ya kusaga. Aambiwapo kwamba mtu anaboresha injini, humfikiria fundi mwenye spana. Hata hivyo, neno injini silo kosa kubwa. Maneno hupanuka maana, nasi tumekwisha kuyazoea mengi ya namna hiyo. Kosa ni kwamba mshauri huyu haboreshi injini yoyote. Chombo cha kutafutia ni mali ya Google au kampuni nyingine, na mshauri hana ufunguo wake. Anachokitengeneza ni ukurasa wa mteja: kichwa chake, maelezo yake, mpangilio wake na wepesi wake wa kufunguka. Ni kama mwandishi aandikaye jina la kitabu na yaliyomo kwa uwazi, ili mtunza maktaba akiweke kwenye rafu ifaayo. Rafu si ya mwandishi.

Kijana aaminiye kwamba anaiboresha injini huona si vibaya kumwahidi mteja nafasi ya kwanza. Lakini Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, yasema hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo; na mwaka 2017 ilieleza kwamba mara nyingi huhitajika miezi minne hadi mwaka mmoja kutekeleza marekebisho na kuona manufaa yake. Mshauri aliyeahidi wiki mbili atampoteza mteja kabla kazi haijaiva. Adumuye ni yule aelezaye mapema awezalo na asiloliweza, na apimaye matokeo kila mwezi mbele ya mteja wake.

Istilahi ya pili ni "viungo vya nyuma", yaani viungo vinavyotoka katika kurasa za wengine kuja katika ukurasa wako. Larry Page na Sergey Brin walipouelezea mtambo wao mwaka 1998, wazo lao mojawapo la msingi lilikuwa kwamba kiungo cha namna hiyo ni mfano wa ushuhuda, na kwamba ushuhuda wa ukurasa unaoheshimiwa una uzito zaidi. Neno "nyuma" halina ushuhuda ndani yake. Lakifanya kiungo kiwe kama kipuri, na kipuri hununuliwa. Mwezi Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba tovuti ya maduka ya J.C. Penney ya Marekani ilikuwa imeinuliwa na maelfu ya viungo vilivyoonekana kulipiwa. Google iliishusha tovuti hiyo. Kampuni ilikana kuhusika, ikaachana na washauri wake. Tunapendekeza "kiungo cha ushuhuda", kwa sababu ushuhuda wa kununua kila mtu ajua thamani yake.

Ya tatu ni "maneno muhimu". Muhimu kwa nani? Mwenye hospitali huandika "huduma za afya ya kinywa". Mgonjwa asiyelala usiku huandika "kung'oa jino bei gani". Neno lenye faida ni la huyo wa pili, na kwa hiyo lafaa liitwe "neno la mtafutaji". Hapa ndipo miongozo ya kutafsiriwa inaponyamaza kabisa. Kiswahili hubadili maneno mwanzoni, katikati na mwishoni: jino na meno, kung'oa na kung'olewa. Mshauri asiyeijua sarufi hii, wala asiyesikiliza jinsi watu wanavyouliza dukani na zahanatini, atamfanyia mteja kazi nusu.

Hukumu hii yatugusa sisi pia. Sisi watunga istilahi tumezoea kutoa orodha bila kuchunguza ni neno gani mwalimu au karani huliandika anapotafuta. Ukurasa utumiao "tarakilishi" peke yake huenda usimfikie aandikaye "kompyuta". Hatusemi kwamba wingi wa watafutaji ndio usanifu. Makosa nayo hutafutwa. Twasema kwamba huo ni ushahidi wa matumizi, nasi hatuna haki ya kuupuuza.

Kwa jina la kazi yenyewe, chombo twakiita "kitafutio", kwa mfano wa kifutio kilichozoeleka shuleni. Tulilipima neno "upatikanaji" tukaliacha, maana "upatikanaji wa tovuti" hueleweka kuwa tovuti inafunguka au haifunguki. Tunapendekeza "mshauri wa uonekanaji wa tovuti". Jina hili halimpi mamlaka juu ya mtambo usio wake. Lamkumbusha kwamba mbele yake yuko mtu anayetafuta.

Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika maandishi yao, kisha watuletee maoni. Aliye na neno bora zaidi asilifiche.